Kinywaji cha Choya na Ndimu, na Neno la Mwenyeji

Miezi ya Septemba na Oktoba ni miezi ya joto kwetu Unyamwezi. Mavuno yamekwisha kuingia ghalani, njia ni kavu, na mvua za Novemba hazijafika. Ndiyo sababu arusi na mikutano ya jamaa huwekwa wakati huo. Watu huja kutoka Urambo, Sikonge, Nzega na Igunga, na wengine huja kwa treni kutoka Kigoma na Mwanza, nao hufika wana vumbi na kiu. Basi kila nyumba yenye sherehe hujiuliza swali moja: Tuwape wageni kinywaji gani?

Leo nataka kueleza habari za kinywaji kimoja tukitengenezacho nyumbani kwetu hapa Mtendeni, chenye rangi ya ua, ukali wa ndimu, utamu wa asali ya porini, na mapovu yachomayo ulimi kidogo. Si kigumu kutengeneza, wala gharama yake si kubwa. Walakini siandiki kwa ajili ya mapishi tu. Mapovu hupatikana kwa njia zaidi ya moja, na njia mojawapo huzaa kileo. Mgeni apokeapo kikombe hawezi kuona kwa macho ni njia gani iliyotumika. Humwamini mwenyeji wake. Kwa hiyo imempasa mwenyeji kujua anachomimina, na kuweza kukisema pasipo kuona haya.

Kwanza tutazame vitu vyenyewe, vimetoka wapi. Jina la mtaa wetu latusaidia, maana Mtendeni ni mahali pa mtende, na mtende si mti wa pori letu. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Kutoka Bagamoyo watu walipanda mpaka hapa, kisha wengine wakashika njia ya Ujiji na Ziwa Tanganyika, wengine wakaenda kaskazini kwenye ziwa kubwa. Wapagazi Wanyamwezi walichukua pembe kwenda pwani, wakarudi na nguo, shanga na waya. Richard Burton na John Speke walipofika hapa tarehe 7 Novemba 1857, mahali palipoitwa Kazeh wakati ule, walipokewa na mfanya biashara Mwarabu, Snay bin Amir, akawatunza kama wageni wake. Henry Stanley alipofika mwaka 1871 aliona michungwa, milimau, mipapai na miembe imepandwa kuzunguka tembe za Waarabu. Mwaka uliofuata David Livingstone alikaa Kwihara karibu na hapa tangu Februari hata Agosti, na nyumba ile sasa ni makumbusho. Mwalimu awezaye kuwapeleka watoto na awapeleke.

Basi jamii ya michungwa na mindimu ilipandwa hapa na watu wa msafara, ikazoea udongo wetu, nasi leo twaiona kama ya kwetu. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mizigo ya njia ile ikahama mabegani ikaingia mabehewani; lakini miti iliyokwisha kupandwa ilibaki, na mbegu zake zikaenea katika nyua za watu.

Asali haikuja na msafara wo wote, ilikuwapo. Mji wetu umezungukwa na mapori ya miyombo. Miti mingi ya mapori hayo, kama mtundu na myombo, huchanua kabla ya mvua kushika, nao nyuki hufanya kazi yao juu huko pasipo sisi kuwaona. Warina asali hutundika mizinga ya magogo na ya magome matawini, kisha huirudia majira yakitimia. Watu wa Dar es Salaam wakipata rafiki wa Tabora, neno la kwanza humwambia, “Usisahau asali.”

Kitu cha tatu ni choya, ambayo wengine huiita rozela. Hupandwa mvua zikianza, huchumwa mvua zikiisha, hukaushwa juani, na kwa hiyo wakati wa joto hupatikana kavu sokoni. Watu husema “maua ya choya”, lakini tukitazama vizuri, kile chekundu tukichemshacho si majani ya ua lenyewe. Ua huchanua siku moja tu likanyauka. Kisha kile kikombe kilicholishika chini hunenepa, hugeuka chekundu na kuwa chachu, nacho ndicho kichumwacho. Watu wa Sudani na Misri hukinywa kwa jina la karkade. Watu wa Senegali hukiita bisap. Na huko Jamaika hukinywa hasa wakati wa Krismasi pamoja na tangawizi. Basi mtu akiniuliza ua la kinywaji hiki liko wapi, humjibu kwamba yamo maua ya namna mbili: la choya tulionalo kwa rangi yake, na ya porini tuyaonjayo katika asali.

Sasa nieleze kazi yenyewe. Twaa gramu 50 za choya kavu, yaani kama konzi mbili za mtu mzima. Ichague, utupe vijiti na mchanga, uioshe upesi kwa maji baridi. Chemsha lita moja ya maji safi, utie choya na kipande cha tangawizi kilichopondwa, uache vichemke kwa dakika tano. Kisha epua, ufunike, ukae nusu saa. Sufuria iwe ya chuma cha pua au ya udongo, maana ukali wa choya na ndimu hula sufuria za aluminiamu. Chuja kwa kitambaa safi. Maji yakiwa vuguvugu, si ya moto, tia kikombe kimoja cha asali, kama robo lita, ukoroge mpaka iyeyuke. Asali ikitiwa katika maji yanayochemka hupoteza harufu yake ya maua, nasi twaitaka harufu ile. Mwisho kamua ndimu nne, uchuje mbegu, utie. Ikiwa huna ndimu, limau mbili kubwa zatosha. Ukiwa na chungwa, paruza ganda lake la nje kidogo sana, uliloweke humo kwa robo saa tu. Likikaa sana huleta uchungu.

Hiyo ndiyo asili ya kinywaji, nayo ni nzito. Wakati wa kunywa, twaa sehemu moja ya asili hiyo na sehemu tatu za maji ya soda yaliyopozwa, yale yasiyo na sukari. Kwa hesabu hii utapata kama lita tano, yaani bilauri 20. Kwa watu mia, twaa robo kilo ya choya, lita tano za maji, vikombe vitano vya asali na ndimu 20. Utamu wake utakuwa kama nusu ya ule wa soda za dukani, maana nyingi za hizo huwa na gramu 100 hivi za sukari katika kila lita. Wageni wa kwanza watasema hakikukolea. Ngoja wanywe bilauri ya pili.

Lakini maji ya soda hayapatikani kila mahali, na katika vijiji vya mbali huenda yasipatikane kabisa. Hapo iko njia nyingine, ya bikabonati ya soda, ile poda nyeupe itiwayo katika mikate, wala si magadi. Changanya sehemu moja ya asili na sehemu tatu za maji ya kunywa yaliyo baridi. Katika bilauri moja ongeza maji ya nusu ndimu, kisha tia robo kijiko cha chai cha bikabonati, ukoroge mara moja, unywe papo hapo. Ukali wa ndimu ukikutana na poda ile hutoa hewa, na hewa hupanda kwa mapovu. Mapovu yake si mengi kama ya chupa, wala hayadumu, na ulimi waonja chumvi kidogo. Mwenye ugonjwa wa presha asitumie njia hii, kwa sababu ya chumvi hiyo.

Walimu watapenda kujua jambo moja hapa. Rangi ya choya ni shahidi. Ikiwa bikabonati imezidi ndimu, wekundu huondoka, na kinywaji hugeuka zambarau iliyofifia. Ukiongeza ndimu, wekundu hurudi. Hivyo mtoto wa darasani aweza kuona kwa macho yake habari za asidi na alkali pasipo vyombo vya gharama, kwa bilauri mbili na ndimu moja.

Iko njia ya tatu, nayo ndiyo iliyonifanya kuandika. Ukichukua asili ile, ukaipunguza kwa maji, ukaitia chembe za hamira, au ukaiacha tu mpaka hamira ya hewani na ya maganda iamke, kisha ukaifunga katika chupa, baada ya siku moja au mbili za joto letu itakuwa na mapovu mengi kuliko ya dukani. Watu wengi hufanya hivyo kwa tangawizi, na huko Uingereza hufanya hivyo kwa maua meupe ya mti uchanuao mwezi wa Juni, pamoja na malimau na sukari, kwa sherehe zao za wakati wa joto. Husifu sana kinywaji chao, nao huonya pia kwamba chupa huweza kupasuka. Ladha yake ni nzuri. Sitaki kusema uongo. Walakini mapovu yale yametoka wapi?

Mwaka ule ule wa 1857, Burton na Speke walipokuwa njiani kuja Kazeh, mtaalamu mmoja wa Ufaransa, Louis Pasteur, alitoa habari za uchunguzi wake juu ya kuchacha kwa maziwa. Katika miaka iliyofuata akaonyesha kwamba hamira ni kitu chenye uhai, nacho hula sukari na kutoa kileo. Hesabu yake ni hivi. Kwa kila gramu 180 za sukari ya namna iliyomo katika asali, zikichacha zote, hutoka karibu gramu 92 za kileo na gramu 88 za hewa iitwayo kaboni dioksidi. Vitu hivi viwili ni pacha. Uzani wao karibu ni sawa. Lita moja ya kinywaji chenye mapovu mazuri huwa na gramu sita hata nane za hewa hiyo. Basi ikiwa hewa yote imetolewa na hamira ndani ya chupa iliyofungwa, kileo nacho kimekuwamo kwa uzani kama huo, yaani karibu sehemu moja katika mia. Bia huwa na sehemu tano hivi katika mia. Tena, ikiwa kinywaji kilichachia kwanza katika mtungi ulio wazi, hewa yake imetoroka, bali kileo kimebaki; kwa hiyo uchache wa mapovu si dalili ya uchache wa kileo.

Wazee wetu walijua mambo haya kwa mikono yao kabla ya vitabu. Asali iliyoiva vizuri ina maji machache, chini ya sehemu 20 katika mia, na hamira haiwezi kufanya kazi humo; ndiyo maana asali hukaa mwaka mzima isiharibike. Ukiitia maji na kuiweka penye joto, huchacha, na hivyo ndivyo ilivyopatikana wanzuki, pombe ya asali ijulikanayo sana kwetu. Watu wa pwani nao hujua kwamba tembo la mnazi ni tamu asubuhi na kali jioni. Togwa nayo ni chakula cha watoto na wagonjwa. Iache siku kadhaa, itakwenda njia ile ile ya pombe. Hapana aliyeitia kileo. Siku ndizo zilizoitia.

Huenda msomaji akasema, sehemu moja katika mia ni kitu gani? Ni kidogo mno, hailevyi. Mimi nami sisemi kwamba bilauri moja itamwangusha mtu. Lakini kikombe huenda kwa watu wengi, na kila mtu ana shauri lake. Yuko mtoto wa miaka minne. Yuko mama mwenye mimba. Yuko mgonjwa ambaye daktari amemkataza kileo kwa ajili ya dawa zake. Yuko jirani Mwislamu, ambaye dini yake yamkataza. Tena yuko mtu aliyeacha pombe baada ya kuangamizwa nayo, ambaye kwake swali si kiasi gani, bali ni kama ameonja au hakuonja.

Mtu kama huyo namfahamu. Ni fundi, baba wa watoto sita, na kwa miaka mingi mshahara wake uliishia kilabuni. Aliacha, akawa anahesabu miezi kama mfungwa ahesabuvyo. Siku moja alialikwa arusini, katika nyumba ambayo sitaitaja, akaketishwa mezani pamoja na shemeji zake. Yule kijana mgawaji akamwambia, “Kunywa, Baba, ni juisi ya matunda tu.” Ilikuwa juisi iliyotengenezwa tangu siku ya Alhamisi, ikawekwa katika ndoo penye joto, na arusi ilikuwa Jumamosi. Alipoileta karibu na midomo, pua yake ilimwambia kabla ya ulimi. Akaweka bilauri chini, akaondoka hali chakula hakijaletwa. Watu walisema amekasirika kwa sababu hakuketishwa meza ya mbele. Mkewe peke yake alijua sababu, naye alitembea pamoja naye gizani mpaka nyumbani, pasipo kusema neno. Hapana mtu aliyekusudia kumdhuru. Yule kijana alisema alivyoambiwa, na aliyemwambia hakupata kujua ni nini kilichotendeka ndani ya ndoo tangu Alhamisi. Neno “juisi” lilikuwa kweli siku ya kwanza. Siku ya tatu halikuwa kweli tena.

Tangu nilipoisikia habari ile kwa kinywa cha fundi mwenyewe, sisi nyumbani tulikubaliana juu ya desturi moja. Kinywaji cha mkutano huchanganywa siku ile ile, na mapovu huingizwa mezani mbele ya watu. Asili ya choya yaweza kutengenezwa jana yake, lakini ikipoa huwekwa katika friji mara moja, ndani ya chupa zilizooshwa kwa maji ya moto. Na nyumba isiyo na friji huitengeneza asubuhi ya sherehe. Kilichobaki jioni hakirudishwi mezani kesho yake.

Yuko mzee mmoja, jirani yetu ukuta kwa ukuta, Mwislamu mwenye heshima, ambaye huja kwetu kwa furaha na kwa msiba, nasi huenda kwake vivyo hivyo. Siku ya kumpeleka binti yetu shuleni tulikuwa na mkutano mdogo uani, chini ya mwembe. Nilimwamkia, “Shikamoo, Mzee,” akaitika, akaketi, akaitazama bilauri yenye mapovu mekundu pasipo kuigusa.

Akaniuliza kwa sauti ya chini, “Mwalimu, niwie radhi kwa swali langu. Kitu hiki kimelala?”

Nikamjibu, “Hakikulala, Mzee wangu. Choya imechemshwa leo asubuhi, na mapovu ni ya maji ya soda. Chupa ni ile pale, haijafunguliwa. Nitaifungua mbele yako.”

Akacheka, akasema, “Basi mimina. Mwenye kiu aulizaye si mwenye dharau.”

Nami nilifurahi kwamba aliuliza, tena nilifurahi zaidi kwamba jibu lilikuwapo. Fikirini kama ningalisema, “Sijui, Mzee, waulize wanawake jikoni.” Ningalimwacha achague kati ya kiu yake na adabu yake, na hilo si jambo la kumtendea mgeni.

Jambo hili lawezekana, maana mapovu na kileo, ingawa ni pacha, huweza kutenganishwa. Alionyesha hivyo mtu mmoja wa Uingereza, Joseph Priestley, mhubiri aliyependa sana elimu ya vitu. Mwaka 1767 alikuwa akikaa mjini Leeds karibu na kiwanda cha pombe. Aliona hewa nzito ikielea juu ya mapipa yanayochacha, akaweka maji juu ya pipa, akayamimina kutoka chombo hata chombo ndani ya hewa ile, na maji yakawa na ladha ya kuchoma ulimi. Hewa iliingia majini. Kileo kilibaki pipani. Mwaka 1772 alichapisha kitabu kidogo cha kueleza jinsi ya kupata hewa hiyo kwa chaki na asidi pasipo pombe kabisa, na mwaka 1783 Jacob Schweppe akaanza kazi ya kuuza maji ya namna hiyo huko Geneva. Kila chupa ya maji ya soda iuzwayo leo Tabora ni mtoto wa jaribio lile.

Je, nakataza watu wasitengeneze kile cha kuchacha? La. Nyumba nyingine huchagua hivyo, na watu wazima wana hiari yao. Nasema tu kwamba kipewe jina lake. Kiwekwe katika mtungi wake, mbali na ule wa watoto, na agawaye aambiwe aseme, “Hiki kimechacha, kina kileo kidogo.” Maneno hayo ni machache, hayamwaibishi mtu, nayo humpa kila mmoja nafasi ya kuchagua. Tena kuna hatari ya chupa. Hamira iliyofungwa haiachi kufanya kazi kwa kuwa kizibo kimekazwa. Hewa huzidi, na chupa ya kioo hupasuka kama risasi, vigae vikaruka machoni. Afadhali chupa ya plastiki, ambayo ukiibonyeza na kuiona imekuwa ngumu, wajua imetosha. Friji huipunguzia hamira mwendo, lakini haiiui. Ikitolewa penye joto huanza tena.

Nina maonyo mengine mawili kwa wazazi. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo, wala kinywaji chenye asali, maana ndani ya asali huweza kuwamo vijidudu ambavyo tumbo la mtu mzima huvishinda, lakini tumbo la mtoto mchanga haliwezi, naye hupata ugonjwa mbaya wa kulegea viungo. Kwa nyumba yenye mtoto kama huyo tumia sukari, au mpe maji yake mbali. Na choya hushusha presha ya damu kidogo. Basi mwenye kumeza dawa za presha, na mama mwenye mimba, waulize kwa mganga wa zahanati kwanza kabla ya kuinywa kwa wingi.

Waswahili husema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Mara nyingi twaufahamu mthali huu kwa upande wa chakula: mgeni akija, kuku huchinjwa, na wenyeji nao hula nyama. Mimi naona una upande mwingine. Mgeni akija na maswali yake, na dini yake, na ugonjwa wake, na viapo vyake alivyojiwekea, mwenyeji hulazimika kutazama upya vilivyomo jikoni mwake na kuvijua. Nyumba ambayo haitembelewi yaweza kunywa cho chote pasipo kuuliza. Bali nyumba yenye wageni hujifunza kusema kweli hata juu ya bilauri ya ndimu.

Basi, akina mama na akina baba, na ninyi walimu mtakaoandaa sherehe za kufunga shule, joto likizidi jaribuni kinywaji hiki. Choya ipo sokoni, ndimu zipo uani, asali ipo kwa warina wetu. Mweke mitungi miwili ikiwa lazima, mwagawie watoto kwanza, na mmoja wenu akae karibu na meza, awe tayari kumjibu kila atakayeuliza kuna nini ndani yake. Yule fundi niliyewaeleza alikuja kwetu mwezi wa Oktoba uliopita pamoja na mkewe. Aliuliza, akajibiwa, akanywa bilauri tatu, akakaa mpaka chakula kilipokwisha.